UZI: Hundi inatoka Florida inakwenda North Carolina, nani analipia siku za njiani? Kisa cha benki 12 za Federal Reserve

DaftariKuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye uzi wa dola kuna mdau aliuliza swali likapitwa: kama Marekani ina benki kuu moja, hizo Federal Reserve za Atlanta, Chicago na Dallas ni matawi, au ni nini hasa? Wengi walimjibu "matawi" na mjadala ukaishia hapo. Si matawi. Nitajibu kwa kufuata safari ya hundi ya karatasi, kwa sababu hundi inaonyesha jinsi benki hizo zinavyoishi pamoja kuliko sheria yao inavyoonyesha.

Sheria iliyoziunda ilisainiwa na Rais Woodrow Wilson tarehe 23 Desemba 1913. Benki 12 zikafungua milango 16 Novemba 1914: Boston, New York, Philadelphia, Cleveland, Richmond, Atlanta, Chicago, St. Louis, Minneapolis, Kansas City, Dallas na San Francisco. Kila moja ilikuwa na mtaji wake, wakurugenzi wake, vitabu vyake vya hesabu na eneo lake. Bodi ya Washington ilikuwa juu yao kama msimamizi, lakini Atlanta haikuwa mali ya Washington. Hisa za kila benki zilishikwa na benki za biashara za eneo lake. Kwa hiyo Atlanta ikipokea hundi inayopaswa kulipwa na mtu wa eneo la Richmond, ni taasisi mbili tofauti zinadaiana, kila moja na daftari lake.

Wengi wanaoandika habari hii wanasema tatizo la hundi Marekani lilikuwa ukubwa wa nchi. Mimi naona umbali ulisingiziwa tu. Reli zilikuwepo na posta yao ilikuwa ya kuaminika. Ugomvi wote, kuanzia 1914 mpaka karne hii, ulikuwa juu ya nani abebe gharama ya zile siku ambazo hundi iko njiani na hela haijaonekana.

Nashusha kwa awamu. Maswali ruksa.

TabataMwisho

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu.

DaftariKuu

Tuanze na hali kabla ya Federal Reserve.

Sheria ya zamani ya hundi ilikuwa hivi: ukienda na hundi kwenye kaunta ya benki iliyoandikwa jina lake, inakulipa kamili, dola 100 kwa dola 100. Lakini hundi ikifika kwa posta kutoka mji mwingine, benki ilikuwa na neno la kusema: "Kulipa kwenye kaunta yangu ni wajibu wangu. Kukutumia hela mjini kwako ni kazi ya ziada." Inakata kidogo, senti 10 kwa kila dola 100 kwa mfano, halafu inatuma kilichobaki. Kwa benki ya kijijini makato haya yalikuwa mapato ya kutegemewa, si ya kuchezea.

Benki za mjini zikatafuta namna ya kuyakwepa. Kila moja ilikuwa na benki mshirika hapa na pale, waliokubaliana kukusanyiana hundi bila makato. Ukipokea hundi ya mji ambao huna mshirika, unampelekea mshirika wako wa mji mwingine, naye anampelekea wake, na kuendelea hivyo.

Kuna kisa mashuhuri kwa watu wa fani. Hundi ya benki ya Sag Harbor, kijiji kilicho mwisho wa Long Island, iliwekwa benki ya Hoboken, New Jersey. Kati ya miji hiyo ni kama kilomita 160. Hundi ile ikavuka mto kuingia New York, ikapanda Boston, ikaenda Tonawanda karibu na maporomoko ya Niagara, ikarudi Albany, ikashuka Port Jefferson (kwenye kisiwa hicho hicho cha Sag Harbor), ikapita Far Rockaway, ikarudi New York, ikaenda Riverhead, ikapelekwa Brooklyn, ndipo ikafika Sag Harbor. Siku 11 hivi, kilomita zipatazo 2,400. Kila aliyeigusa aligonga muhuri wake nyuma.

MamaHesabu

Hapo nina swali. Katika hizo siku 11, aliyeweka hundi Hoboken anahesabiwa ana hela au hana? Na yule wa Sag Harbor bado anazo kwenye akaunti?

DaftariKuu

Mama, hilo swali ndilo uzi wenyewe.

Kwenye vitabu wote wawili wanaweza kuonekana wanazo. Wa Sag Harbor hajakatwa bado. Benki ya Hoboken, kama ni jasiri, imeshamwandikia mteja wake. Na zile benki za katikati, kila moja imeandika kwamba ina "hela iliyo njiani" kwa mshirika wake, na nyingine zilihesabu hela hiyo kama sehemu ya akiba yao ya kisheria, ile ambayo sheria inailazimisha benki kuwa nayo. Hundi moja, akiba za benki kadhaa. Mtikisiko wa mabenki ya Marekani wa 1907 ulipokuja, akiba za namna hii hazikumsaidia mtu.

KijanaWaKaunta

Halafu ikibaunsi? Irudi njia ile ile?

DaftariKuu

Irudi njia ile ile, mihuri kwa mihuri. Na wakati inarudi, mteja wa Hoboken pengine kashatumia.

Sasa Federal Reserve inaingia. Mwaka 1915 walijaribu kwa hiari: benki mwanachama (yenye hisa kwenye Federal Reserve ya eneo lake) ijiunge na mpango wa eneo hilo, hundi zake zikusanywe kwa thamani kamili bila makato. Wachache sana walijiunga. Nani anaacha mapato yake kwa hiari? Tarehe 15 Julai 1916 wakaacha kubembeleza: benki yoyote mwanachama ikiletewa hundi zake na Federal Reserve kwa posta, lazima ilipe kamili. Federal Reserve yenyewe ikawa inatoza ada ndogo, kati ya senti moja na mbili kwa hundi, na mwaka 1918 ikaiondoa.

Huo ndio upande unaosimuliwa kila mahali. Ninaoupenda mimi ni ule wa makarani, maana hapo ndipo benki 12 zililazimika kukubaliana mambo ambayo hayakuwa kwenye sheria.

Chukua hundi iliyoandikwa juu ya benki ndogo ya Ohio (yaani benki hiyo ndiyo ya kuilipa), ikawekwa na mfanyabiashara wa Virginia. Virginia ni eneo la Richmond, Ohio ni la Cleveland. Benki ya mfanyabiashara inaipeleka Federal Reserve ya Richmond. Richmond inaifunga pamoja na hundi nyingine za Cleveland kwenye bahasha moja yenye orodha na jumla, inapanda treni ya usiku. Cleveland inafungua, inapanga upya kwa miji, inaituma kwa ile benki ndogo kwa posta. Siku za posta zikiisha, Cleveland inakata akaunti ya akiba ya benki ndogo. Sasa Cleveland imepata hela, lakini hela ni ya Richmond.

Maswali yaliyotaka jibu moja kwa wote 12 ni haya. Richmond imwandikie mteja siku gani? Ratiba ilikuwa lazima ifanane na ya Cleveland, la sivyo mmoja anaandika leo na mwingine anakata Ijumaa, na pengo linabaki kwenye vitabu vya mmoja wao. Kwa hiyo kila benki ilitoa jedwali la siku: kutoka kwangu kwenda kila mji mkubwa, siku moja, mbili, mpaka pwani ya Pasifiki. Hundi haikuhesabiwa kuwa akiba mpaka siku za jedwali zitimie. Halafu kuna vitu kama muhuri wa nyuma uweje, ni karatasi zipi zikusanywe kama hundi na zipi zipelekwe kivyake (kuponi za dhamana, kwa mfano), na hundi isiyolipwa irudishwe kwa nani na kwa maelekezo gani. Bodi iliweka kanuni ya jumla, inayoitwa Kanuni J mpaka leo. Mengine yalimalizwa na wakuu wa idara za hundi wa benki zote walipokaa pamoja, watu ambao historia haiwataji.

Na benki yenye hundi nyingi iliruhusiwa kuruka hatua: ipeleke bahasha moja kwa moja Cleveland, huku ikiiarifu Richmond. Siku moja inaokolewa.

Pwani001

Salaam kutoka Mombasa. Umesema hela iliyopatikana Cleveland ni ya Richmond. Ilifikaje? Walibeba dhahabu kwenye treni?

DaftariKuu

Swali zuri ndugu yangu. Wangeibeba kweli kama wasingeunda Mfuko wa Dhahabu wa Kumaliziana Hesabu, Mei 1915.

Kila benki kati ya 12 iliweka dola milioni moja ya dhahabu chini ya Bodi, Washington, pamoja na kiasi cha kulipa kile ilichodaiwa na wenzake wakati huo. Dhahabu yenyewe haikutembea. Mara moja kwa wiki kila benki ilipeleka telegramu: nimepokea kwa niaba ya Boston kiasi hiki, New York kiasi hiki, mpaka mwisho. Washington inajumlisha na kutoa, inapata kila mmoja anadai au anadaiwa nini kwa jumla, inahamisha umiliki kwenye daftari. Fikiria mchezo wa upatu ambao kijumbe hashiki hela, anashika kalamu tu.

Kuanzia Julai 1918 wakawa wanamaliziana kila siku, na mwaka huo huo wakakodi nyaya zao wenyewe za telegrafu kuunganisha benki zote na Washington, ujumbe ukienda kwa Morse. Mfumo wao wa leo wa kuhamisha fedha kubwa, Fedwire, ni mtoto wa nyaya hizo.

Pwani001

Na hiyo hesabu ya 12 bado ipo?

DaftariKuu

Ipo. Dhahabu ilichukuliwa na Hazina ya Marekani mwaka 1934, benki zikapewa vyeti vya dhahabu badala yake. Akaunti ya kudaiana imebaki, na kila mwaka mwezi Aprili wanakaa na kusawazisha salio kwa kugawana upya dhamana zilizo kwenye mali zao. Benki kuu za nchi zinazotumia euro zina hesabu ya aina hiyo hiyo, ila wao hawana Aprili yao: madeni yanaachwa yakue kwenye vitabu. Wakati wa msukosuko wa Ugiriki na Hispania, Wajerumani walilalamika sana juu ya kile Bundesbank, benki kuu yao, ilichokuwa inawadai wenzake kwa njia hiyo.

TabataMwisho

Sasa tuletee kile kisa cha Florida, kichwa cha uzi kinatudai.

DaftariKuu

Haya, sogeeni.

Watu wa familia ya Malloy walikuwa na hundi ya dola 9,000, hela nyingi sana kwa wakati ule, iliyoandikwa juu ya benki ya Lumber Bridge, kijiji cha North Carolina. Wakaiweka benki ya mji wa Perry, Florida. Perry wakaipeleka Jacksonville. Jacksonville wakaipeleka Federal Reserve ya Atlanta. Atlanta wakaipeleka Federal Reserve ya Richmond, kwa sababu North Carolina ni eneo la Richmond. Richmond wakaituma kwa posta moja kwa moja kwa benki ya Lumber Bridge yenyewe, kwamba jamani, hundi yenu hii, leteni hela.

Lumber Bridge wakamkata mwandika hundi, wakagonga "imelipwa", wakatuma Richmond drafti, yaani hundi yao wenyewe juu ya benki nyingine. Richmond wakaipokea, kama walivyokuwa wakipokea za wengine wote. Drafti ikakataliwa. Benki ya Lumber Bridge ikafa.

Angalieni hali sasa. Mwandika hundi keshakatwa. Hundi imegongwa imelipwa. Malloy hana kitu. Perry wanasema sisi tulipeleka tu. Jacksonville hivyo hivyo. Atlanta wanasema sisi tulifuata kanuni.

Malloy wakaishitaki Richmond, benki ambayo hawakuwahi kuingia mlangoni pake. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1924, na Richmond ikashindwa. Mahakama ilisema Richmond ilikuwa wakala wa kukusanya hela. Kuituma hundi kwa posta kwa benki inayodaiwa, kanuni iliruhusu. Kukubali karatasi nyingine badala ya hela, hakuna aliyewaruhusu. Wakala akipokea karatasi pale alipotumwa hela, hasara ni yake.

MamaHesabu

Kwa hiyo mfumo mzima ulikuwa unakwenda kwa mazoea ambayo hayakuandikwa popote!

DaftariKuu

Mazoea ambayo kila karani aliyafuata, mama. Hakuna benki ya kijijini ambayo ingefunga noti za dola 9,000 kwenye bahasha kila wiki. Wote walilipana kwa drafti. Mwaka ule ule Kanuni J ikaandikwa upya ili benki za Federal Reserve ziruhusiwe kupokea drafti, na hasara ya namna ile isiwaangukie wao.

Ona kilichofanyika pale. Hatari haikuondoka. Ilihamishwa kwa kifungu cha kanuni, kutoka kwa taasisi yenye nguvu kwenda kwa mwenye hundi. Ndiyo maana nasema ratiba na kanuni zile hazikuwa mambo ya makarani peke yao.

MtuWaBahi

Mkuu umezisema benki wanachama. Hizo zisizo wanachama zililazimishwaje?

DaftariKuu

Hazikulazimishwa, na hapo ndipo vita vilipowaka.

Benki nyingi ndogo, hasa Kusini na kaskazini kuelekea Minnesota na Dakota, hazikuwa wanachama. Federal Reserve ilitaka orodha yake ya "benki zinazolipa kamili" iwe nchi nzima. Mwaka 1920 Atlanta ikatangaza kwamba eneo lake lote litakusanywa kwa thamani kamili. Benki za vijijini Georgia zikaenda mahakamani zikidai kwamba Atlanta inakusudia kuzikusanya hundi zao mpaka ziwe furushi, halafu siku moja mjumbe atokee kwenye kaunta na kudai noti taslimu zote kwa mpigo. Benki ndogo haiwezi kukaa na taslimu kiasi hicho, itafunga.

Jaji Holmes wa Mahakama ya Juu, mwaka 1921, alieleza kitu kinachopaswa kuwekwa kwenye kila darasa la benki: benki inaishi kwa kutegemea wastani, kwamba wenye hela hawatakuja wote siku moja, na haki ya kudai malipo haikupi ruhusa ya kuitumia ili kumwangusha mwenzako. Akairudisha kesi isikilizwe. Ilipokuja tena mwaka 1923, ushahidi haukuonyesha nia ile mbaya, Atlanta ikapona, ila ikabaki imezuiwa kuziorodhesha benki ambazo hazijakubali kulipa kamili.

Siku hiyo hiyo ya Juni 1923 Richmond ikapigwa kwenye kesi ya benki ya Monroe, North Carolina. Jimbo lilikuwa limetunga sheria kwamba benki zake zinaweza kuzilipa hundi zinazoletwa na Federal Reserve kwa drafti, si taslimu. Richmond ikagoma kupokea drafti. Jaji Brandeis, wa mahakama hiyo hiyo, akasema sheria ya jimbo ni halali, na kwamba Bunge halikuipa Federal Reserve wajibu wa kuhakikisha kila hundi ya nchi inalipwa kamili.

Baada ya hapo wakaacha ubabe. Benki isiyotaka kulipa kamili, Federal Reserve ilikataa tu kushughulika na hundi zake. Nyingine ziliendelea na makato yao mpaka kuelekea 1980. Wengi wanadhani makato yale yalikwisha 1916!

KijanaWaKaunta

Mkuu, mimi upande wa hizo benki za vijijini nawaelewa. Mtu anakuletea kazi ya posta na vitabu halafu anakwambia fanya bure.

DaftariKuu

Hoja yako ina uzito, na hata miaka ile ilisemwa hivyo hivyo. Mimi siipokei yote. Aliyekatwa hakuwa mteja wa benki ile ya kijijini. Alikuwa mfanyabiashara wa mbali aliyepokea hundi bila kujua itakatwa ngapi. Gharama ilipaswa kumwangukia aliyeandika hundi, maana yeye ndiye aliyechagua kulipa kwa karatasi badala ya kununua drafti. Benki ziliogopa kumtoza kwa sababu huyo ni mteja wao.

Tuendelee, tupite haraka kidogo.

Majedwali ya siku yalikuwa na kosa la asili: yanaahidi siku, hayajui mvua wala theluji. Siku zikitimia, Federal Reserve inamwandikia aliyeweka hundi hata kama hundi bado iko kwenye behewa. Pengo hilo ni mkopo usio na riba kutoka benki kuu. Mwaka 1951 wakapunguza siku za kungoja ziwe mbili kwa wingi wake, hundi ifike isifike. Benki zilishangilia, pengo likanona.

Kampuni zenye akili zikaona mlango. Ofisi New York, wafanyakazi New York, lakini hundi za malipo zinaandikwa juu ya benki ndogo ya mbali, kwa mfano Montana. Mpokeaji anaandikiwa siku ya pili, kampuni inakatwa siku ya nne. Zidisha kwa malipo ya mwaka mzima. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1970, riba ikiwa juu, fedha za njiani kwenye vitabu vya Federal Reserve zilikuwa mabilioni ya dola kila siku.

Bunge likaingilia mwaka 1980: Federal Reserve itoze huduma zake, na fedha za njiani zihesabiwe gharama. Kuanzia hapo benki 12 zikawa na sababu ya kukimbia. Ndege ndogo za kukodi zikawa zinaruka usiku kucha zikibeba mifuko ya karatasi kutoka mji hadi mji, ziwahi kabla ya saa ya mwisho ya asubuhi.

Halafu Septemba 11, 2001. Ndege zote zikazuiwa kuruka. Federal Reserve ikaamua kuendelea kuwaandikia wateja kwa ratiba ya kawaida ili benki zisikwame. Pengo lililokuwa mamia ya mamilioni likapanda zaidi ya dola bilioni 40 ndani ya siku mbili tatu. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi sahihi: safari hii benki kuu ilibeba siku za njiani kwa makusudi na mbele ya macho ya watu.

Sheria ya hundi ya kielektroniki ilipitishwa Oktoba 2003 na kuanza kazi Oktoba 2004. Ilisema picha ya hundi ikichapishwa kwa vipimo maalumu ina nguvu sawa na hundi halisi, kwa hiyo hakuna tena haja ya kurusha karatasi. Mwaka 2003 walikuwa na vituo 45 vya kuchambua hundi. Mwaka 2010 kikabaki kimoja tu cha karatasi, Cleveland.

MamaHesabu

Mimi nina langu. Miaka ya nyuma ndugu yangu alinitumia hundi ya dola kutoka Marekani, nikaiweka benki moja hapa Dar (jina nalihifadhi). Niliambiwa nisubiri wiki kadhaa, na nilipopata hela ilikuwa imekatwa huku na huku. Kumbe nilikuwa naishi Sag Harbor!

DaftariKuu

Ulikuwa huko huko mama. Hundi yako ilikuwa nje ya Kanuni J mpaka iingie mkononi mwa benki ya Marekani. Benki ya Dar ilibidi iipeleke kwa mshirika wake, New York mara nyingi, na kila mshirika anakata chake. Ndani ya Marekani kwenyewe ingesafiri haraka. Siku hizi benki nyingi hapa zimekataa kabisa kupokea hundi za nje.

Pwani001

Na sisi Afrika Mashariki? Tuna EAPS, mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, tangu 2013/2014, Kenya, Tanzania, Uganda, kisha Rwanda. Si ndiyo Mfuko wa Dhahabu wetu?

DaftariKuu

Kwa umbo zinakaribiana: mifumo ya malipo makubwa ya benki kuu imeunganishwa, hela inatoka Nairobi inaingia Dar bila kupitia mshirika wa New York. Tofauti ni kwamba Richmond na Cleveland wote walidaiana dola. Sisi kila deni lina swali la nyongeza, shilingi ya nani? Na wenye mizigo wengi bado wanapenda dola. Hilo haliponi kwa waya.

DMV_Mbongo

Nipo Virginia huku, nina kitabu cha hundi mkononi maana mwenye nyumba wangu hataki njia nyingine. Juu kulia kuna sehemu kama hesabu ya darasa la tano: 68, kistari, namba, halafu chini yake 514. Na chini kabisa kuna tarakimu tisa za ajabu ajabu. Ndiyo mambo haya?

DaftariKuu

Ndiyo haya haya mkuu, umeshika makumbusho.

Namba ya juu ni ya chama cha mabenki cha Marekani, mpango uliotoka 1911, kabla hata Federal Reserve haijazaliwa. 1 hadi 49 ni miji mikubwa (New York ni 1, Chicago ni 2), 50 kwenda juu ni majimbo. 68 ni Virginia, 66 ni North Carolina. Baada ya kistari ni benki yenyewe. Chini ya mstari ni namba ya Federal Reserve, iliongezwa 1945 ili makarani wapange hundi bila kusoma majina: 5 ya mwanzo ni eneo la tano, Richmond.

Tarakimu tisa za chini ni habari hiyo hiyo kwa ajili ya mashine, kwa wino wa sumaku, maandishi yaliyokubaliwa miaka ya 1950. Mbili za mwanzo ni eneo kwa benki za kawaida: 01 Boston mpaka 12 San Francisco. Ya tisa ni ya ukaguzi. Chukua namba ya Federal Reserve ya Boston yenyewe, 011000015. Zidisha tarakimu kwa 3, 7, 1, kisha 3, 7, 1 tena mpaka mwisho, jumlisha. Unapata 20. Jumla isipogawanyika kwa 10, mashine inaitema.

Jaribu ya kwako, ila usiibandike hapa uzini.

DMV_Mbongo

Imetoka 90. Mwenye nyumba ajiandae, kodi yake inakwenda Ijumaa.